Maji Aliyoyakataa Upendo

Harufu ya mbwa aliyelowa, ikichanganyika na petroli na rexini ya viti iliyochomwa na jua, siwezi kuivumilia mpaka leo. Mwezi uliopita nilipeleka gari gereji, hukuhuku Njiro ninakoishi, nikakuta mbwa wa fundi amejilaza chini ya kombi moja kuukuu, manyoya yanamchuruzika mvua. Nilisimama nimeshika funguo, nikarudi hatua mbili nyuma. Fundi akaniuliza, "Dada, unaogopa mbwa?" Nikajibu ndiyo, kwa sababu maelezo kamili yangetuchukua mchana kutwa. Nyinyi nitawaeleza, mradi msinicheke kabla sijafika mwisho.

Nilikuwa na miaka kumi. Mimi na Upendo tulikuwa chanda na pete, na wa tatu wetu alikuwa Godlisten, binamu yake, mtoto aliyekuwa na jibu la kila swali, na majibu yenyewe karibu yote ya uongo. Baba Upendo alikuwa fundi magari. Uani kwake kulikuwa na kombi ya rangi ya chungwa iliyopauka, ambayo wazungu fulani waliiendesha kutoka kwao mpaka ikawafia Arusha, wakamwachia na kurudi kwa ndege. Ndani ilikuwa na kitanda cha kukunja, jiko dogo la gesi na mapazia ya maua. Baba Upendo aliihangaikia miaka, kila jioni akitoka kazini. Likizo moja ya Desemba akatangaza kwamba imepona, na kwamba tutauzunguka nayo mlima Meru kwa nyuma mpaka kwa mama yake Ngare Nanyuki, siku mbili njiani, na mbwa wote wawili ndani. Nilirukaruka mpaka mama akanitishia kwamba sitakwenda.

Mbwa wenyewe walikuwa Popi, jike zee ambalo kazi yake duniani ilikuwa kulala, na Kamanda, dume jekundu la Upendo. Kamanda alipewa jina kubwa kuliko moyo wake. Aliogopa radi, aliogopa ufagio, na zaidi ya vyote aliogopa sindano. Hapo kwenye sindano ndipo ilipo dhambi yetu. Miezi michache kabla ya safari walikuja watu wa mifugo kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, pale ofisi ya kata, na Baba Upendo alitukabidhi kamba mbili na mbwa wawili. Kamanda aliposikia wenzake wanavyolia kwenye foleni, alijikojolea. Upendo naye akaanza kulia. Basi tukamrudisha nyumbani kwa uchochoro, tukamfungia ndani ya kombi, tukarudi kumchanja Popi peke yake. Tulipoulizwa, mimi ndiye niliyejibu kwamba wamechanjwa wote. Nilichaguliwa mimi kwa sababu nilikuwa na sifa ya kutodanganya.

Asubuhi ya safari, Kamanda aligoma kupanda. Upendo akamsukuma kwa nyuma, Godlisten akamvuta ukosi, na katika purukushani ile mbwa akageuka akamng'ata Upendo kwenye muundi. Yalikuwa matundu mawili madogo tu, na damu ya kujaza kijiko. Godlisten akasema dawa yake ni dawa ya meno, tukampaka, tukaivuta soksi juu. Mtaani kwetu kulikuwa na mbwa aliyemng'ata mgeni akauawa siku ileile kwa rungu, na sote tulimwona.

"Mkisema, Baba atamuua," Upendo alituambia, machozi yanamlengalenga. "Apeni."

Tukalamba vidole, tukavielekeza mbinguni. Haki ya Mungu hatusemi. Kombi ikawaka, ikatoa moshi mweusi, tukaondoka tukiimba.

Raha yangu iliishia Ngaramtoni. Ilikuwa siku ya soko, na rejeta ilikuwa imeshaanza kuchemka, tukasimama kuipoza. Mzee mmoja aliyekuja kuuza mbuzi, amejifunga shuka na fimbo iko begani, akasogea kuitazama kombi, kisha akawatazama mbwa. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, lakini macho yake yalibaki kwa Kamanda.

"Hawa wamechomwa sindano?" akamuuliza Baba Upendo.

"Wote, mzee. Watoto waliwapeleka wenyewe."

"Umefanya vizuri. Kwetu huko juu kijana mmoja aling'atwa, akanyamaza. Alikuja kujulikana kwa maji. Unampa maji kwenye kikombe, anageuza uso, shingo inakakamaa, anayakimbia kama moto. Tukajua kwisha. Siku ya tatu tukazika."

Baba Upendo akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamimina maji kwenye rejeta. Nilimtazama Upendo, alikuwa anamkuna Kamanda masikio wala hakuwa amesikia. Godlisten alisikia. Alinong'ona kwamba kichaa hakiwapati watu waliobatizwa, na kwa mara ya kwanza nikatamani sana awe anasema kweli.

Tangu hapo sikuuona mlima. Watu wakiniuliza ile safari ya kuzunguka nyuma ya Meru ilikuwaje, nawaambia habari za vumbi na punda, mambo ambayo hata wasiofika wanayajua. Kitu nilichokiona ni koo la Upendo. Tulikuwa na dumu la njano la maji ya kunywa kutoka Njiro na kikombe kimoja cha bati, na kila nusu saa nilimjazia nikamshikisha. "Kunywa." Akinywa, nilitazama koo linavyopanda na kushuka, nikashusha pumzi. Dakika kumi baadaye hofu ilirudi palepale. Kamanda alikuwa amelala miguuni petu, mvua ya njiani imemlowesha, ananuka, na kila alipohema nilivuta miguu yangu juu ya kiti. Tulipolala Oldonyo Sambu, kwenye uwanja wa kanisa, asubuhi kitu cha kwanza nilichofanya ni kumwamsha Upendo kwa kikombe. Akanijia juu.

"Manka, una nini wewe? Nitajikojolea kama Kamanda!"

Tukacheka wote, mimi nikiwa bado nimemshikia kikombe. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie Baba Upendo, ambaye alikuwa anaendesha huku anapiga mluzi. Mara tatu nilikiona kidole changu kilivyoelekea mbinguni, nikaufunga. Nilikuwa naamini kabisa kwamba nikisema Kamanda atakufa, nisiposema Upendo atakufa, na kwamba Mungu ameniweka mimi nichague. Mtoto wa miaka kumi asipewe kazi hiyo.

Tulifika Ngare Nanyuki mchana wa siku ya pili. Bibi yake Upendo, tuliyemwita Koko, alitupokea kwa vigelegele, akatukalisha kwenye benchi mbele ya nyumba, na kama ilivyo kwa mgeni aliyetoka kwenye vumbi, akaleta maji. Upendo alipokea kwa mikono miwili. Alipoyaonja, uso ukamkunjamana, shingo ikamkakamaa, akayatema na kukisukuma kikombe mbali.

"Siyataki!" akasema. "Siyawezi haya maji!"

Baba Upendo akaanza kucheka. Koko naye akacheka, na meno yake ya kahawia yote yakaonekana. Mimi nilipiga yowe ambalo nadhani hata ng'ombe wa jirani waliinua vichwa.

"Kamanda amemng'ata! Jana! Na hakuchanjwa, nilidanganya mimi! Anaogopa maji, Baba Upendo, anakufa!"

Yale maji, wenzangu, yalikuwa na magadi. Maji ya upande ule ndivyo yalivyo, ndiyo yanayowapa wenyeji meno ya rangi ile, na asiyeyazoea lazima akunje uso. Upendo alikuwa hajafika kule tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni. Kila mtu pale benchini alilijua jambo hilo isipokuwa sisi watoto watatu. Lakini kicheko cha Baba Upendo kilikatika. Alipiga magoti, akaivua soksi, akaona matundu mawili na dawa ya meno iliyokauka.

Hakunipiga. Aliomba mche wa sabuni ya kufulia, akalishusha dumu letu kutoka kwenye kombi, akaanza kuuosha ule mguu. Aliosha, akamimina, akapaka sabuni, akamimina tena, muda mrefu mno, mpaka dumu zima la maji matamu likaishia chini mavumbini. Mimi nilikuwa na kiu kali na nilijua hiyo ndiyo adhabu yetu. Kisha akamfunga Kamanda kwenye mti nyuma ya nyumba kwa mnyororo.

"Usimuue, Baba," Upendo alilia. "Usimuue."

"Nani kasema anauawa? Atafungwa siku kumi, Koko atamwangalia kwa mbali. Akiwa mzima, tutamfuata."

Kumbe ilikuwa hivyo tu. Siku mbili zote zile nilizomeza siri ile zilikuwa za bure.

Hatukulala kule. Popi naye aliachwa kwa Koko, maana njia ya mkato inapita ndani ya hifadhi na mbwa hawaruhusiwi kupita getini, nasi tulihitaji njia ya mkato. Baba Upendo aliikimbiza ile kombi kongwe kwenye mashimo hadi vikombe vikawa vinaruka, tukatokea barabara kubwa, tukapita Maji ya Chai bila kusimama hata kununua ndizi. Hakupiga mluzi tena. Jua lilikuwa halijazama Upendo alipochomwa sindano ya kwanza hospitalini.

Siku ya tano jirani yake Koko, ambaye ndiye aliyekuwa na simu, alipiga. Sauti ya Kamanda ilikuwa imebadilika. Taya limelegea, mate yanamtoka. Koko alimsukumia beseni la maji kwa mti mrefu, na mbwa hakuyaogopa hata kidogo, alitumbukiza mdomo mzima, akajaribu na kujaribu, maji yakawa yanarudi. Hakuweza kumeza. Siku iliyofuata alikuja mtu wa mifugo akammaliza palepale. Mimi na Godlisten nasi tukachomwa, sindano baada ya sindano, na yule mbatizwa alilia kuliko Kamanda.

Upendo aliniambia sentensi moja: "Ungenyamaza angekuwa hai." Kisha hakusema nami tena mpaka tulipokutana bwenini tukiwa kidato cha tatu. Sikumlaumu, kwa sababu nami niliamini hivyohivyo.

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza daktari, nikaelezwa kwamba ugonjwa ule hauji kwa siku mbili. Huchukua majuma, pengine miezi. Siku ile Upendo alikuwa msichana mzima kabisa aliyechukia magadi. Na anayefikia kuyakataa maji kwa kweli, daktari akaniambia, huyo hana sindano ya kumrudisha. Nililisikia hilo nikakaa chini. Dalili niliyokuwa naivizia siku mbili nzima, nikijiambia kwamba nikiiona ndipo nitasema, ingekuja kweli, ningekuwa nasema kwenye msiba. Akaniambia pia kwamba lile dumu lililomwagika mavumbini lilikuwa dawa ya kwanza.

Jumapili iliyopita Upendo alikuja kwangu na wanawe. Kabla hajakaa, kabla hata ya kuulizana habari, nilishamletea glasi ya maji. Hakuwa na kiu, nilimwona. Aliipokea kwa mikono miwili, akanitazama machoni, akanywa taratibu mpaka tone la mwisho, nami nikatazama koo lake likipanda na kushuka. Kisha akaipindua glasi juu chini mbele yangu, kama anavyofanya kila mara.

"Nimemaliza, Manka," akasema. "Sasa kaa tuongee."