Hawa Ni Hewa

Siku ile ninaikumbuka kwanza kwa harufu, mwanangu, kabla sijakumbuka jambo lingine lolote: harufu ya chupa za maji za plastiki zikiungua. Ilikuwa Jumamosi alasiri, kiangazi, hapa hapa Juba, mtaa wa Nyakuron. Wewe ulikuwa na miaka minne na mimi nilikuwa mwalimu kijana mwenye majivuno. Huikumbuki siku hiyo, na nimeshukuru miaka yote kwamba huikumbuki. Lakini leo nitakusimulia, kwa sababu barua yako ya kazi ya kufundisha ng'ambo imekaa juu ya meza yetu tangu Jumapili, nao wanataka jibu Ijumaa, na kila nikiitazama kifua kinachobana ni changu, si chako.

Umeniuliza mara mbili, "Mama, kwani unaona ubaya gani?" Nikakujibu sina neno. Nilikudanganya. Nina neno, tena ni moja tu, na lilikaribia kukuua.

Unajua kwamba mimi nilikulia Kitale, kwa wazazi waliokimbia vita vya huku. Huko ndiko nilikosomea ualimu, huko ndiko nilikokuzaa. Amani ilipopatikana na watu wakaanza kurudi, shule moja mpya ya Juba ikawa inatafuta walimu waliosomea Kenya. Watu husema nilirudi nyumbani. Nyumbani gani? Sikuwahi kupaona. Kwangu mimi ilikuwa kazi ya ugenini kama hiyo unayoitaka wewe, hata kama jina la baba yangu lilikuwa la huku. Nilitaka kuitwa mwalimu wa kutoka nje. Nilitaka kuandika "Juba" nyuma ya picha na kuwatumia wenzangu. Baba yako, aliyebaki Kitale kumalizia mkataba wake, aliniuliza usalama ukoje. Ndugu zangu waliuliza mshahara. Nyanya yako peke yake, huku akikufunga vifungo vya sweta, aliuliza, "Na hewa ya huko? Kifua cha huyu mtoto kitaiweza?"

Nikacheka, mwanangu. Nikamwambia, "Mama, hewa ni hewa. Mungu hakuigawa kwa mipaka." Nilijiona nimesema la maana kweli. Pumu yako kule Kitale ilikuja mara moja moja, msimu wa baridi, ukavuta dawa ukacheza. Kwa hiyo katika mzigo wetu wote nilitia inhela moja.

Shule ilitutafutia chumba katika ua wa mama mmoja mzee ambaye kila mtu alimwita Habuba, yaani bibi, kwa Kiarabu cha huku. Kilikuwa chumba kizuri cha tofali, bati jipya. Mlango na dirisha vilitazama uani. Ukuta wa nyuma, juu karibu na bati, ulikuwa na matundu ya hewa, na nyuma ya ukuta huo aliishi Bosco, Mganda aliyeuza maji baridi na kuchaji simu za watu. Friji zake na simu hizo zote zilitegemea jenereta, nayo jenereta ilikaa chini kabisa ya matundu yetu. Chupa tupu zikijaa aliziwasha moto pale pale, kama kila mtu alivyofanya.

Siku ya kwanza nilimuuliza Habuba maswali yote ya mpangaji. Maji tunachota wapi? Choo ni kipi? Wezi wapo? Alinijibu kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo, maana Kiswahili chake kilikuwa cha maneno kumi na Kiarabu changu cha maneno matano. Siku ya pili alikuja akasimama mlangoni, akakutazama ukikohoa, akaelekeza kidevu upande wa Bosco, akaniita kwa jina lako, akasema polepole:

"Mama Keji, hawa de ma kweis. Hawa ma kweis."

Sasa fikiri. Katika maneno yangu matano, "ma kweis" lilikuwemo: si nzuri. Na "hawa"? Hilo nimelijua tangu nizaliwe. Hawa ni hawa, watu hawa. Kidevu kimeelekea kwa Bosco, mama mtu mzima anashusha sauti, hawa si wazuri. Nikaelewa kwamba nimepanga karibu na watu wabaya.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia, tena karibu kila siku, ila nililisikia kwa lugha isiyokuwa yake.

Nikaacha kumsalimu Bosco. Nikakukataza kucheza na binti yake. Nikanunua komeo la chuma, na kila nikitoka shule nilifunga mlango, nikafunga dirisha, nikakaa nawe ndani. Nilifunga upande wa watu, nikaacha wazi upande wa moshi. Kikohozi chako kikazidi, nikasema ni vumbi, utazoea. Inhela ikawa nyepesi mkononi, na hata inauzwa wapi sikuwa nimeuliza. Bosco hakuchoka kunisalimu, "Madam, habari ya shule?" nami nikapita nikitazama viatu vyangu. Ninaona haya hadi leo.

Jumamosi hiyo jenereta ilinguruma tangu asubuhi, na chupa za wiki nzima zilikuwa zinaungua. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Wewe uliacha kucheza. Ndiyo dalili niliyochelewa kuisoma: pumu ikimkaba mtoto huwa halii, hunyamaza. Nilipoinua macho ulikuwa umeshika godoro kwa mikono miwili, mabega yamepanda, ngozi ya shingo inaingia ndani kila ukivuta. Nikachukua inhela nikaiminya. Haikutoa kitu. Nikaitikisa, nikaiminya tena. Tupu.

Nadhani nilipiga yowe, kwa sababu mlango uligongwa.

"Madam! Mtoto iko namna gani? Fungua, mimi iko na pikipiki hapa!"

Alikuwa Bosco. Nikasimama nyuma ya mlango nimekubeba, na mwanangu, sikufungua. Niliwaza, mtu huyu amesikia mwanamke amelemewa, amepata nafasi yake. Komeo lilikuwa mbele ya uso wangu na mkono ukakataa. Kisha nikasikia miguu ya Habuba ikikimbia uani, mama ambaye hata kwenda dukani alipumzika njiani, naye anapiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Hawa! Hawa! Mama Keji, hawa!"

Hawa! Watu hawa! Ananionya, nikasema moyoni. Nikarudi nyuma, nikaegemeza mgongo ukutani, chini ya matundu yale yale, moshi ukitushukia.

Sijui ulipita muda gani. Labda muda wa kusali Baba Yetu mara moja. Ulikuwa unanitazama na huna sauti. Midomo yako ikaanza kuwa na rangi ya majivu, ndipo nikajua kwamba lolote lililoko nje ya mlango haliwezi kuzidi hili lililoko ndani. Nikavuta komeo.

Bosco hakunitazama hata mara moja. Alikupokea akakimbia nawe hadi barabarani, mbali na moshi, huku akimpigia mkewe kelele azime jenereta. Habuba alikuwa tayari anamwaga pipa lake la maji juu ya zile chupa, maji ya kununua, ya siku nzima. Tukapanda pikipiki, wewe katikati, mimi nyuma nimekushika kichwa, mpaka zahanati. Wakakuvika barakoa ya mvuke wa dawa. Nilihesabu pumzi zako hadi hesabu ikanipotea. Zilipoanza kuwa ndefu ulisema neno moja, "Maji," na Bosco akatoka mbio kuyatafuta. Hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa na ndala mguu mmoja tu. Nyingine ilibaki mlangoni kwangu.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ninaiandika ubaoni kila mwaka, watoto wanainakili vizuri. Mimi rafiki huyo nilimfungia komeo.

Kesho yake Habuba aliniita, akamkalisha Bosco kati yetu ili atafsiri. Habuba alivuta pumzi ndefu kwa pua, akaitoa kwa mdomo, akasema, "Hawa." Akarudia vivyo hivyo. "Hawa."

"Yeye nasema hawa ni hewa, Madam," Bosco akasema. "Hii ya kupumua. Nasema kila siku alikuwa naambia wewe, hewa ya hapa mbaya kwa mtoto. Hata mimi alikuwa nagombana na mimi juu ya hii jenereta." Akanitazama. "Kwani wewe ulifikiri nini?"

Nilimwambia ukweli, macho chini. Akacheka kicheko cha mtu aliyeumia. "Kumbe hawa ni sisi! Kumbe mimi ndiyo hawa!" Habuba alipoelezwa hakucheka. Alisema maneno machache makali, na Bosco akayaleta kwangu kwa upole kuliko yalivyotoka.

"Nasema siku ya kwanza uliuliza maji, choo na mwizi. Maji mtoto nakunywa mara tano. Choo mara mbili. Mwizi pengine hakuji kabisa. Lakini hawa mtoto nakula usiku na mchana, na wewe hukuuliza."

Siku hiyo hiyo Bosco aliihamisha jenereta ikaenda kando ya barabara. Sisi, shule ilipofunga, tukahamia huku Gurei, wakati huo nyumba zikiwa bado zimeachana na upepo unapita. Tangu utotoni umeniuliza kwa nini Mjomba Bosco akipiga simu husema, "Ni hawa hapa," na kwa nini mimi huwa nageuza mazungumzo. Basi, umejibiwa.

Na kuna hawa nyingine, mwanangu, hiyo nayo ni ya Kiswahili na unaijua: hawaa, tamaa ya moyo. Hiyo ndiyo iliyonipandisha basi Kitale na kunifanya nimcheke mama yangu. Sisemi tamaa ni mbaya. Bila hiyo nisingefundisha hata mtoto mmoja wa mji huu. Ila ilitangulia mbele, hewa ikasahaulika nyuma.

Hao wanaokutaka wametuma picha. Nimezitazama zote nikiwa na miwani. Darasa zuri, maktaba nzuri, watoto nadhifu. Lakini kila picha iliyopigwa nje, majengo ya nyuma yamefifia kama yako ndani ya chandarua. Labda ilikuwa asubuhi ya ukungu. Labda ni kamera. Mimi sijui, wewe hujui, na Ijumaa ni keshokutwa.

Sikukatazi kwenda. Mtu anayeishi Juba, akipika kwa makaa na kupisha vumbi la malori, hana haki ya kuucheka moshi wa mji wa wengine. Ninachokuomba ni kuuliza kabla ya kutia sahihi, tena usimuulize mwajiri peke yake, maana mwamba ngoma huvutia kwake. Mtafute mwalimu aliyefundisha hapo akaondoka. Muulize ni miezi gani watoto hawatolewi nje kucheza. Umeniambia kuna mashine za kusafisha hewa. Muulize kama ziko darasani au ofisini kwa mkuu tu, na kama iko moja mahali utakapolala. Ile rangi ya kipimo cha uchafu wa hewa unayoiona kwenye simu, usitazame ya leo pekee. Rangi ya siku moja ni kama darasa siku ya ukaguzi, kila mtu amekaa wima. Tazama ya miezi mibaya. Nenda kwa daktari na kifua chako kabla ya kwenda kwa mwajiri na vyeti vyako. Dawa yako inauzwa huko? Bima yao inaikubali pumu, au imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba haiikubali? Na iandikwe kwenye mkataba kwamba kifua kikikataa utarudi bila kudaiwa wala kuaibishwa. Wakikasirika kwa maswali hayo, hilo nalo ni jibu. Wakikuomba siku za kutafuta majibu, wape. Wakikunyima wewe siku za kuuliza, waache. Kazi nyingine itakuja, mwanangu, lakini kifua kingine hakiji.

Na usiogope kuonekana mjinga. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kusikia neno moja la watu, ukalivika maana yako mwenyewe, kisha ukajifungia nalo ndani. Mimi ningemuuliza Habuba, "Hawa ni nani?" angecheka, na yasingekupata yaliyokupata.

Majibu yakiwa mema, nitakufungia mzigo kwa mikono yangu, na safari hii haitakuwa inhela moja. Nikikupigia simu huko sitaanza kwa kuuliza kama umekula. Nitauliza, "Hawa kef?" Hewa ikoje? Nawe usinijibu "kweis" ili kunifurahisha.

Mungu aliyempulizia mtu wa kwanza pumzi puani ailinde iliyo puani mwako. Akupe kazi, akupe na kifua cha kuifanya. Na popote utakapolala, akuweke karibu na jirani atakayeukimbilia mlango wako na ndala moja, akupe na mkono wa kumfungulia mapema kuliko mimi.