Kikwembe Kipya cha Kusindikizia

Hili jambo padri wangu mwenyewe hajalisikia, na yule anajua mengi yangu, lakini acha niliseme leo kabla halijanioza ndani: mimi, mama mutu muzima, mwenye wajukuu na heshima zangu, niliitwa muuza watoto mbele ya mupaka muzima wa Ruzizi. Mukitaka kucheka chekeni sasa, maana huko mbele hakuna cha kuchekea.

Binti yangu Nsimire aliachwa na watoto wawili wa kike, Ombeni na Asifiwe, baada ya shimo la dhahabu kumufunikia mume wake (hatukupata hata kiatu cha kuzika). Asifiwe alikuwa bado ananyonya. Nsimire akaenda Kampala kutafuta kazi, mimi nikabaki na watoto hapa Cimpunda, mutaa wa Bukavu, kwenye nyumba yangu ya mteremkoni ambayo mvua ikinyesha hatulali, tunasikiliza udongo. Nikawalea, wakaniita maman, si koko kama bibi anavyoitwa kwetu, nani angewafundisha vingine? Na mama yao akija Noeli walisikia wadogo zake wanamwita Yaya, yaani dada mukubwa, nao wakamwita Yaya Nsimire, sisi tukacheka, naye akacheka (leo nikikumbuka, alicheka kwa midomo tu).

Huko Kampala akampata Joris, Mubelgiji mrefu kama nguzo ya umeme, mutu mwema, akaja mpaka kwetu kutoa mahari. Sisi Bashi binti hatoki bila ng'ombe, na wazee wa ukoo walitaka kusikia mukwe mwenyewe akitamka, basi mimi kwa majivuno yangu nikamufundisha kwa Kiswahili chetu: "Nimelipa ngombe yote! Bote ni ba kwangu!" Maana yake mama na watoto, wote anawabeba. Wazee walipiga makofi mpaka kofia zikaanguka. Tangu siku ile ukimusalimia Joris kwa Kiswahili alikujibu hayo tu, hata muuza makala ya kupikia alijibiwa hivyo.

Ikafika siku ya kusafiri. Watavuka mto Ruzizi, waende Kigali, wapande ndege, watoto wakaishi Ulaya na mama yao na baba yao mupya. Nsimire akaniambia asubuhi, kwa upole:

"Maman, tuagane hapa mulangoni. Usishuke mupaka."

"Nisishuke kwa nini? Niko kilema?"

Mwenzenu nilikuwa nimeshona kikwembe kipya cha kitenge, mikono imefura mabegani kama mikate, na jirani mumoja alikuwa ameshasema huyo muzungu ananificha. Nilitaka njia nzima inione. Nikapanda gari, tena mbele, na dirisha nikalishusha.

Mupakani tulipokelewa na afisa mumoja mutulivu, sauti yake ya mwalimu. Akasoma karatasi moja moja, zote sawa, akainua muhuri, halafu (wema wake tu!) akainama kumuchekesha Asifiwe, aliyekuwa ameshika kikwembe changu kwa mukono wenye mafuta ya mandazi.

"Unaenda wapi, mama mudogo?"

"Ulaya."

"Na nani?"

"Na Yaya." Akamuonyesha Nsimire kwa kidevu.

"Na maman yako iko wapi?"

Asifiwe akavuta kikwembe changu, kusema ndiye mimi. "Njo huyu."

Muhuri ukabaki hewani.

"Chef, mimi njo mama yake, iko mu karatasi," Nsimire akasema.

"Karatasi inauzwaka," yule afisa akajibu. "Mutoto yeye haongopake." Akanigeukia. "Maman, hawa ni batoto ya nani?"

Hapo mwenye akili angejibu polepole. Lakini wanawake wa mizigo walikuwa wamesimama wananitazama, na mimi neno "maman" lilikuwa limeniingia kama pombe, nikapiga kifua: "Ni batoto yangu! Nilibakomeza na hii mikono! Maman yao njo miye!"

Joris aliposikia "batoto" na kuona sura zimebadilika, maskini, akaona huu ndio wakati wake wa kusaidia familia. Akaweka mukono kifuani, akatabasamu meno yote, akatangaza: "Nimelipa ngombe yote! Bote ni ba kwangu!"

Mama mumoja mwenye beseni la samaki sambaza kichwani ndiye alianza. "Eeh Mungu! Huyu koko anauzisha batoto kwa muzungu!"

"Na alivaa vizuri!"

"Si njo bei yao ile amevaa!"

Nyanya ikanipasukia begani, kwenye ule mukono uliofura. Wakatuingiza katika chumba, watu wakajaa dirishani. Joris alikuwa anauliza kwa Kifaransa amesema nini kibaya. Afisa hakupiga kelele, ndiyo ilinitisha.

"Bakubwa mutapita kama munataka," akasema. "Batoto banabaki mupaka tujue ukweli."

Wanabaki wapi, na kwa nani, na mpaka lini, hakusema, na sisi wa Bukavu tunajua kitu kikibaki kwa kungojea ukweli kinaweza kuzeeka. Ombeni, mukubwa, alisema vizuri: Yaya ndiye maman wetu. Afisa akatikisa kichwa: huyu amefundishwa. Alimutaka mudogo.

Nsimire hakulia. Aliniangalia. "Maman, anakusikiaka wewe. Mwambie."

Nikapiga magoti na kikwembe changu kwenye sementi ile.

"Asifiwe. Mimi siko maman yako."

Akacheka. Alizani tunacheza.

"Mimi ni koko. Koko njo mwenye alizala maman yako. Maman yako ni ule pale."

"Ule ni Yaya. Maman ni wewe."

Na dirishani watu wanasikiliza. Nikamushika mabega, nikasema kwa nguvu ili afisa asikie: "Usiniite maman tena! Ukiniita maman, sitaitika!"

Akaacha kikwembe. Akaenda kusimama karibu na Nsimire bila kumugusa. Afisa akamuuliza tena, naye akanitazama mimi kwanza, kama anaomba ruhusa, akasema: "Maman ni huyu." "Mwenye kuuzisha hapigake magoti hivi," afisa akasema, muhuri ukashuka.

Wakavuka daraja. Ombeni aligeuka, akapunga. Asifiwe hakugeuka. Nikapanda Cimpunda kwa mguu na nyanya yangu begani, na habari ilikuwa imenitangulia: "Koko, muzungu anarudishiwa ngombe?"

Kikwembe kiko ndani ya sanduku, alama ya mafuta sijaifua. Na nimeapa: mutu akisafiri, hata awe nani, ninaagana naye mulangoni, na nguo za jikoni.

Wanapiga simu Jumapili. Ombeni bado anakosea, ananiita maman, nami naitika haraka kabla hajajisahihisha. Asifiwe ni "bonjour koko", kila mara, adabu tupu. Majuzi nikamwambia kwa sauti ya chini: "Niite tu maman, mupaka iko mbali sasa."

"Ulisema hautaitika," akasema.