Nani anafuta jina la ami yangu?

Nimesalitiwa na ami yangu mwenyewe, wallahi!

Kabla hajawa ustadhi wa madrasa hapa Kisauni, alipiga gita kwenye albamu moja ya roki ya majaribio. Ukurasa wa albamu hiyo kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni naurekebisha mimi.

Kila nikiweka jina lake, kuna mtu analifuta. Jana nilimlaani huyo mtu mbele ya ami, naye akaitikia, "Amin!"

Leo kanipa simu yake nimkuzie maandishi. Nafungua, nakuta ukurasa ule ule, jina keshalifuta.

"Ami, kumbe ni wewe?"

"Wazazi wa wanafunzi wangu wanausoma ukurasa huo, mwanangu."

Haya, niambieni, nilirudishe? Maana ile sentensi yangu ya kumsifu mpiga gita hajaigusa hata herufi.