Fenesi, Rimu na Leso ya Shangazi Jumwa

Nimechoka kuisimulia habari hii. Nimeisimulia bwenini mara saba, nimeisimulia kwenye foleni ya uji, hata mwalimu wa zamu aliniita kando nikajua leo nachapwa na maneno, kumbe naye anataka kusikia ile sehemu ya shangazi. Basi naiandika mara moja iishe, na atakayeniuliza tena nitampa daftari asome mwenyewe, aniache nilale. Ndiyo, ni mimi. Mimi Sidi, wa kidato cha tatu, mwenye akili zangu timamu, ndiye niliyeharibu harusi ya binamu yangu kwa mafuta ya nazi.

Mjomba wangu Charo, kaka yake mama, ana gari la spoti. (Acheni kucheka, bado sijafika.) Ni la milango miwili, jekundu, fupi kama mtu aliyechuchumaa. Aliachiwa na Mtaliano ambaye mjomba alikuwa akimlindia nyumba hapa Malindi, na tangu Mtaliano arudi kwao gari likakaa uani juu ya mawe, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Jirani yetu Mama Kadzo kila asubuhi alikuwa akichungulia juu ya ua: "Charo, banda limetoa mayai mangapi leo?" Mjomba ameinamia gari. Anafuta kioo, anafungua injini, anafunga injini, miaka nenda miaka rudi, mpaka siku moja ikanguruma na kuku wote wakahama.

Sasa Dama, binti yake, akapata mchumba wa Dabaso, na mjomba akaomba jambo moja tu, ampeleke kanisani yeye mwenyewe kwa gari lile. Watu wa Dabaso walikuwa tayari kuleta gari jeupe lenye maua. Dama alifikiri siku mbili nzima, kisha akasema: "Sawa, baba. Ila usiniaibishe mbele ya wakwe."

Mjomba akaenda Mombasa akarudi na rimu nne za magurudumu zilizotumika, nzuri ajabu, zinaingia kwenye gari kama zimezaliwa nalo, tairi tayari zimevishwa. Shida ni rangi. Sijui aliyekuwa nazo alikuwa na ugonjwa gani, zilikuwa waridi, tena waridi ya kuumiza macho, kama sharubati ya dukani. Akanunua makopo ya rangi ya dhahabu ya kupuliza, akanipa kazi kwa sababu niko likizo na sina la maana. "Sidi mwanangu, piga msasa, osha kwa sabuni, kausha. Tairi uzizibe kwa gazeti na tepu ya karatasi ndipo upulize. Umesikia?" Nikasikia.

Tepu ilikuwa imekwisha. Dukani ni mwendo wa dakika kumi kwa jua lile la saa saba, na mimi nilikuwa nimechoka kabla sijaanza. Ndipo nikamwona bibi jikoni anapasua fenesi, mikono imepakwa mafuta ya nazi ili utomvu usimgandie. Nikajiambia, we Sidi, rangi si utomvu tu? Nikachukua chupa, nikapaka tairi zote nne mpaka zikang'aa. Nilijiona mhandisi.

Jua la Malindi mnalijua. Mafuta yakateremka kutoka kwenye mpira hadi kwenye rimu, nami nikayafuta kwa kitambaa kilekile nilichopakia, yaani nikayasambaza vizuri. Nilipopuliza, rangi ikajikusanya vidonge vidonge kama maji juu ya jani la mgomba. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Makopo yote yalipokwisha, waridi ikawa imefunikwa, rimu zinawaka dhahabu, na mimi roho juu. Kesho yake nikagusa moja kwa ukucha, ngozi ya rangi ikajikunja kama utando wa maziwa. Nikaurudisha kwa kidole, nikaenda kunywa chai.

Mjomba alizifunga mwenyewe, akizishika kwa mpira tu, hataki kuzichafua kwa vidole vyake vya grisi. Akakaza nati moja, akavuka akakaza ya upande wa pili, polepole, kama mtu anayefunga kitovu cha mtoto.

"Zimekauka?"

"Zimekauka kabisa, mjomba."

"Mbona zanukia?"

"Rangi za siku hizi hizo."

Jumamosi ya harusi tukatoka. Mama Kadzo alisimama mlangoni mdomo wazi, na mjomba, ndani ya suti yake ya pekee, akapiga honi mara tatu. Kando yake Dama, nyuma nimekunjwa mimi, bado panatoka harufu ya kuku. Tukafika Gede salama, tukaingia barabara ya vumbi, na uwanja wa kanisa la Dabaso tukaukuta umejaa.

Kumbe ukoo ule una desturi yao: bibi harusi akifika, shangazi za bwana harusi hufuta vumbi la safari kwenye gari kwa leso mpya, ndipo ashuke. Wakaja wanne wakiimba, mbele Shangazi Jumwa, mwanamke mkubwa wa sauti na wa mwili. Akafuta boneti. Akafuta mlango. Akainama, akafuta gurudumu.

Leso ikatoka na dhahabu yote.

Hakuiona. Alikuwa anacheza, jasho linamtiririka, akainua leso ileile akajifuta uso, paji mpaka kidevu. Nyimbo zikakatika. Mbele yetu ilisimama sanamu ya dhahabu, na miguuni pake gurudumu la waridi.

"Mulungu wangu, mbona mwanitazama?" akauliza. Kisha akainusa leso. "Na huu wali wa nazi unapikwa wapi?"

Uwanja mzima ukalipuka. Watoto walilala chini. Dama, ndani ya shela, alisema kwa sauti ndogo sana, "Baba, nilikwambia." Mjomba akageuka kunitazama. "Sidi. Ulipaka nini?"

"Mafuta ya nazi, mjomba. Kama ya fenesi."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alishuka, akasema "Naomba, mama" akaichukua leso mkononi mwa Shangazi Jumwa, akapiga magoti vumbini na ile suti, akafuta gurudumu la pili, la tatu, la nne, mpaka yote yakawa waridi sawasawa. Kufikia la tatu hakuna aliyekuwa akicheka. Akasimama, akamfungulia binti yake mlango. Dama alimtazama yale magoti, akamkung'uta vumbi kwa mkono wake wenye glavu nyeupe, glavu ikachafuka, akamshika mkono wakaingia.

Mpaka leo kwenye picha za harusi Shangazi Jumwa ana masharubu ya dhahabu yaliyogoma kutoka hata kwa sabuni, na ukimtembelea atakuonyesha. Mama Kadzo naye amepata la kusema kwa miaka kumi ijayo.

Na mimi? Kila likizo sasa nakwangua rimu kwa msasa zipakwe upya, niko kwenye ya pili, vidole havina alama tena. Nimeapa, kazi nitakayopewa nitaifanya kama nilivyoambiwa, na dukani nitakwenda hata jua likiwa limekaa kichwani. Mjomba hajanigombeza hata mara moja. Ila kila asubuhi ya likizo nikiamka nakuta mlangoni pangu ameweka roli mpya ya tepu.