Salamu za Kilimani

Jumamosi iliyopita nilipanda Parliament Hill, hapa London, kwa miguu yangu mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu. Najua unacheka. Kilima chenyewe ni kidogo, watoto wanakipanda mbio na tiara zao, na wazee wa Kiingereza wanakipanda huku wanazungumza na mbwa. Lakini mimi nina miaka sitini na saba, thelathini kati ya hiyo nimeimaliza kwa kusimama kwenye nyumba za kulelea wazee, na magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Binti yangu alikuwa nyuma, akinisihi kwa Kiingereza chake cha Kilburn nipumzike. Sikupumzika. Nilipofika juu, upepo ukanipiga usoni, jasho likanishuka mgongoni ndani ya baibui, na nikamkumbuka bibi yangu.

Kwetu Pemba ni vilima na mabonde. Mpunga uko chini, mikarafuu iko juu, na maisha ni kupanda na kushuka. Nyumba yetu ilikuwa bondeni, karibu na kisima. Juu kabisa alikaa jirani, mwanamke wa makamo ya bibi; walisuka ukili wa mikeka pamoja tangu wasichana. Mwaka ninaousema walikuwa hawasemezani. Sababu ni mkarafuu mmoja uliokuwa mpakani: bibi akisema wake, jirani akisema wake, na msimu mzima hakuna aliyeutia ngoe kuvuta hata tawi. Karafuu zikaiva, zikapukutika, zikawa za ndege.

Lakini kununa ni kitu kimoja na kula peke yako ni kingine. Bibi akipika muhogo wa nazi haumpiti kooni mpaka jirani atolewe wake. Basi mimi, mtoto wa miaka tisa, ndiye niliyekuwa miguu yake. Sahani hufunikwa kawa, naitwika kichwani juu ya kata ya kitambaa, nashika njia.

"Nenda, mke mwenzangu," bibi hunambia. "Ukifika weka, urudi. Usimwambie nimemsalimia."

Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, mvua ikinyesha unapanda kwa vidole, umeshikilia mizizi. Harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini ilikufuata mpaka juu. Jirani hupokea sahani, akafunua, akanusa, akaingia nayo ndani uso ameukunja. Lakini hakuirudisha tupu hata siku moja: atatia visheti, au ndizi mbivu, au kipande cha papa. Na yeye hunambia, "Usiseme nimeuliza hali yake."

Sijui nini kilinituma. Siku moja nilimwambia jirani, "Bibi anakusalimu sana." Akaingia jikoni kama anayetafuta kitu, akatoka na macho mekundu. "Moshi," akasema. Niliposhuka nikamwambia bibi, "Jirani anauliza kifua chako kimepoa?"

"Kinamhusu nini?" bibi akajibu. Lakini jioni ile alipepeta mchele huku anaimba.

Tangu hapo kila safari nilipanda na salamu na kushuka na salamu, zote za kutunga mwenyewe. Nikawa hodari. Nikatia na dua.

Kisha siku moja nilimkuta jirani amelala kitandani, homa imempanda, hata sahani hakuitazama. Nikashuka mbio. Bibi hakuuliza mengi. Alijifunga kanga, akatia uji kwenye sufuria, akatoka. Alikuwa na pumu, na karibu mwaka mzima alikuwa hajakipanda kilima kile. Alisimama kupumzika mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia turudi.

"Mlima wenye mtu wako hauulizwi urefu," akanambia, akaendelea.

Alipopiga hodi, jirani alijaribu kuinuka. Bibi akamlaza tena kitandani.

"Salamu zako nilikuwa nazipata," akamwambia. "Zote."

"Salamu gani? Mimi sikutuma. Zako ndizo zilizokuwa zikinifariji."

"Zangu?"

Wote wawili wakanigeukia. Nikatazama mlango, maana kwetu uongo ulikuwa na fimbo yake. Jirani ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na bibi akacheka mpaka akakaa sakafuni. Baadaye wakalia. Mimi nikapata kofi moja dogo la mgongoni, kisha nikapewa uji. Msimu uliofuata mkarafuu ule waliuchuma pamoja, mmoja huku na mmoja kule, wakibishana tangu asubuhi.

Bibi alifariki nikiwa London, na kabla ya mwaka kwisha jirani akamfuata. Miaka sita nyuma nilikwenda nyumbani, nikasimama bondeni, magoti yakakataa katakata. Dada yangu akapanda kwa niaba yangu. Alirudi akanambia nyumba ya jirani imeanguka, njia imezibwa na msitu, watu siku hizi wanapita barabara ya lami upande wa pili.

Ndiyo maana nimeanza tena na vilima, kidogo kidogo, kila Jumamosi. Disemba nataka nikakipande kile cha Pemba mwenyewe, na binti yangu amesema atakuja. Nyumba hujengwa upya, na njia hufyekwa. Wanawake wale wawili ndio sitawaona tena, wala sijaona popote, huku wala kule, watu wakigombana kwa upole kama ule.