Betri Haikujaa, Nikamsingizia Wifi Yangu

Tii! Tii! Tii!

Niliisikia sauti hiyo nikiwa njiani kutoka kisimani, ndoo kichwani, tela letu bado limefichwa na mikorosho. Inveta, kile kidude cha kugeuza umeme wa betri, ilikuwa inalia. Ikilia hivyo ujue betri imeisha. Betri ikiisha, friji imezima. Na ndani ya friji yetu kulikuwa na chanjo za ng'ombe wa watu!

Kosa ni langu. Nalisema mapema, kwa sababu nikichelewa nitaanza kujitetea. Najijua.

Mume wangu ni mtaalamu wa mifugo. Kwetu ni Misugusugu, Kibaha, lakini msimu wa chanjo tunaishi ndani ya tela tuliloundiwa na fundi: kitanda, jiko, friji ndogo, paneli ya sola juu ya paa. Tunalivuta kwa gari hadi Mzenga, huko Kisarawe, kwa wafugaji. Safari hii tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa wifi yangu Mwajuma, mdogo wake mume wangu.

Mwajuma alikuwa anajifunza kazi. Kaka yake alimwahidi kwamba akiumaliza msimu vizuri atampeleka chuo cha mifugo. Yule binti aliishika ahadi ile kwa mikono miwili! Akiamka, hata uso hajanawa, anafungua friji kuangalia kipimajoto.

Na mimi? Mimi nilikuwa bibi harusi wa juzi, ninalala na mume wangu nyuma ya pazia, na ng'ambo ya pazia wifi anakohoa. Mchana wao wawili wanachekea mambo ya utotoni mwao, mimi nakaanga samaki. Nilimchoka. Sikumwambia mtu.

Chanjo zikaharibika. Mume wangu alizifukia shimoni. Kisha akaanza kuutafuta ugonjwa wa betri. Akapima kwa mita: betri iko chini. Akabadilisha fyuzi. Akakwangua ukungu kwenye vichwa vya betri, akazikaza nyaya zote, maana barabara ya huku inalegeza hata meno.

"Juu je, paneli iko safi?" akaniuliza.

"Nimeifuta vumbi asubuhi," nikamjibu.

Jua likawaka siku nzima, jua la kukausha hata mate. Taa ya kontrola, kidude kinachopitisha chaji ya paneli kwenda kwenye betri, ikaonyesha chaji inaingia kama matone. Inveta ikalia tena.

"Jua lote hili!" akasema, ameshika kiuno. "Betri nzima, nyaya nzima. Basi kuna kitu kinaila hii chaji."

Kesho yake akaenda Kisarawe mjini kuomba chanjo nyingine. Huku nyuma akapita Masanja, mfugaji Msukuma, na ng'ombe wake. Sisi Wazaramo na Wasukuma ni watani. Mtani anaweza kuja msibani akakuambia marehemu amekimbia mapishi yako, na ukacheka.

"Enyi Wazaramo!" akaita tangu mbali. "Sola yenu imekufa? Mmeilisha nazi?"

"Imekufa kwa kuiona sura yako!" Mwajuma akamrudishia.

"Muongo huyu! Chaji yenu tumeinywa sisi. Binti huyu anatuchajia simu nyinyi mkikoroma. Simu, redio, tochi. Kesho naleta na dume langu, nguvu zimemwisha!"

"Jilete mwenyewe kwanza, Masanja. Mkeo anasema wewe ndiye huwaki!"

Tulicheka! Mimi nilicheka mpaka machozi.

Kwetu neno la utani halina miguu. Linabaki palepale liliposemwa. Hulichukui ukaenda nalo kwenye kesi. Hata mtoto mdogo analijua hilo.

Mimi nililichukua.

Mume wangu alirudi mikono mitupu, amegombezwa huko. Nikamwandalia chai, nikakaa karibu yake. "Masanja kasema kwa kinywa chake," nikamwambia. "Mwajuma anawachajia watu simu." Sikucheka wakati nasema. Sikutaja kwamba Masanja alikuwa anacheka.

"Mwajuma! Umewachajia watu simu kwenye betri yangu?"

"Kaka, ule ulikuwa utani! Muulize wifi, si alikuwepo?"

Wote wawili wakanitazama. Nikainamia sufuria. "Mimi nimesikia nilichosikia," nikasema.

Ee Mungu wangu!

"Chuo usahau," kaka yake akamwambia. Asubuhi Mwajuma alipanda bodaboda na begi lake. Aliniaga vizuri. Hilo ndilo linaniuma zaidi, kwamba aliniaga vizuri.

Mchana wake wingu likatanda, nikakimbilia juu ya paa kuanua makopa yangu. Ndiyo, nilikuwa nimeanika mihogo kule, juu ya kanga, mbuzi wasiifikie. Upepo ulikuwa umeisogeza ile kanga. Pindo lake, na mihogo yake, vilikuwa vimelala juu ya kona ya paneli. Kila asubuhi nilifuta vumbi pale palipo wazi, nikageuza makopa, nikashuka!

Kona tu! Nani angedhani kona moja ingeinyima paneli nzima pumzi? Nikaivuta kanga. Wingu lilipopita nikaenda kutazama kontrola. Chaji ilikuwa inaingia kama mto.

Nikaificha mihogo chini ya kitanda.

Jioni mume wangu akaangalia mita, akatikisa kichwa. "Unaona? Ameondoka tu, betri imejaa."

"Naona," nikamjibu.

Neno hilo moja! Ningeweza kusema lolote, nikasema hilo.

Chanjo mpya zilipopatikana Masanja akaleta ng'ombe. Nikamchokoza: "Msukuma, leo umeoga?" Akavua kofia. "Habari za asubuhi, mama," akasema. Alikuwa amesikia utani wake ulivyomfukuzisha mtoto wa watu. Ng'ombe wakachomwa sindano, akaondoka nao. Hajanitania tena.

Nilivumilia, nikashindwa. Nikamwambia mume wangu yote. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi ya tela, akasema, "Twende ukaseme mwenyewe."

Tukarudi Misugusugu. Nafasi za chuo zilikuwa zimeshajaa. Mwajuma alikuwa amepata kibarua cha kuosha vyombo mgahawani, kule Tumbi, na tulimkuta anajiandaa kutoka. Nilipiga magoti mbele yake na mama mkwe, nikasema yote, hadi la mihogo chini ya kitanda.

Jamani mnaosoma hapa, kitu kikigoma nyumbani kwako, kagua kwanza ulichokiweka wewe. Mnaoishi na mawifi, ukichoka sema umechoka. Usimtafutie mwenzako kosa. Utani uacheni kwa watani. Na ukweli ukiuona, useme siku hiyohiyo! Mimi niliuchelewesha, nikaufikisha kwa mtu ambaye haumsaidii tena.

"Wifi," Mwajuma akaniambia, "ungesema tu mnabanana. Ningelala kwenye gari."

"Nisamehe, wifi yangu."

"Nimekusikia. Nachelewa kazini."

Akamuaga kaka yake, akavaa ndala, akatoka. Mlango akaufunga nyuma yake polepole, kama mtu aliyeacha mgonjwa amelala ndani.