Jina la Nyumbani

Nakumbuka Julai moja hapa Eldoret, mwanangu, baridi ikiwa imeingia mpaka kwenye vikombe, nilipokaribishwa kuketi kwenye kiti changu mwenyewe nikasema asante. Usicheke. Ulikuwa mwaka ule wa machafuko baada ya uchaguzi. Tulipokimbilia kambini Januari, jirani yetu Mama Kiprop alivihamishia viti vyetu sebuleni kwake visichomwe. Tuliporudi hakuna aliyejua jinsi ya kuanza kuvizungumzia. Basi nikawa ninakwenda kwake kama mgeni na kukalia mali yangu kwa adabu.

Nilikuwa nikienda kwa sababu ya masomo. Shule ya watoto wetu ilikuwa imeungua upande mmoja, na ule upande uliobaki hatukuuamini. Tukakubaliana, akina mama watatu, kuwafundishia nyumbani: mimi, Mama Kiprop, na Mama Akinyi, muuguzi aliyetoka upande wa ziwa. Mimi nilikuwa na digrii ya ualimu na maoni mengi. Tulikutana kwa Mama Kiprop kwa kuwa nyumba yake pekee ndiyo iliyokuwa na mahali pa kuwashia moto, na Julai hapa, unajua mwenyewe, kalamu hukataa kuandika.

Tulikuwa na sheria moja ambayo hatukuiandika popote: majina ya kanisani tu. Kiprop alikuwa Brian. Akinyi alikuwa Mercy. Wangu alikuwa Faith. Tulidhani tukiyaficha majina ya nyumbani, watoto watasahau nani ni wa wapi, na urafiki utaota wenyewe. Haukuota. Kila mtoto alikaa kando ya mama yake kama kifaranga, akafanya hesabu zake, akanywa chai, akaenda.

Wangu ndiye aliyeninyima usingizi. Januari, njiani kuelekea kambini, vijana walisimamisha gari letu wakawa wanamuuliza kila mtu jina lake, wapate kujua kabila lake. Nilimziba mdomo kwa kiganja. Tulipita. Lakini tangu siku hiyo hakusema na mtoto yeyote. Alinong'ona sikioni mwangu tu. Nilianza kuogopa kwamba kiganja changu hakijawahi kuondoka pale mdomoni.

Asubuhi moja aliingia mama mkwe wa Mama Kiprop, aliyekuja kutoka Sugoi na kibuyu chake cha maziwa. Sote tulimwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yao. Akaketi, akawapima watoto kwa macho, kisha akamwelekezea wangu fimbo.

"Wewe msichana, unaitwa nani?"

"Anaitwa Faith, Kogo," nikajibu haraka.

"Wewe sijakuuliza. Na hilo ni la kanisa. Hata mimi niko nalo, mimi ni Rael. Nauliza la nyumbani."

Mwanangu, kijiko cha Mama Akinyi kilisimama ndani ya kikombe. Mama Kiprop aliangalia sakafu. Lilikuwa swali lile lile la barabarani, limeulizwa mchana kweupe, kando ya moto. Mkono wangu uliinuka wenyewe. Sijui nini kiliuzuia.

"Wambui," mtoto akasema.

"Ulipewa kwa ajili ya nani?"

"Cucu. Mama ya baba."

Kogo alikuwa ameishi na majirani wa kwetu maisha yake yote, na alijua kwamba kwetu mtoto aliyeitwa kwa jina la nyanya yake ndiye nyanya mwenyewe amekuja tena akiwa mdogo. Aliweka fimbo chini. Akasimama, kwa taabu, magoti yakilalamika, akampa mtoto mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto, kama anavyosalimiwa mtu mzima wa heshima.

"Kumbe tuko na mzee mwenzangu hapa! Na nyinyi mmemkalisha mlangoni kwa baridi! Mama Kiprop, hujui adabu? Sogeza kiti. Kuja, rika yangu, kaa karibu na moto. Ng'ombe wako wazima?"

"Tulikuwa na mmoja," Wambui akasema. "Alipotea."

Sote tulijua alipotea vipi. Kogo hakugeuza uso.

"Pole, mwenzangu. Pole sana. Kuna ndama hapa nyuma. Tukimaliza hesabu tutaenda kumwona, wewe na mimi."

Kiprop hakuvumilia. "Na mimi, Kogo? Mimi ni nani?"

"Wewe jina lako linasema ulizaliwa mvua ikinyesha. Ndiyo maana hiyo pua yako haikauki."

Akinyi akacheka hadi akamwaga chai, akasema lake linasema yeye alizaliwa alfajiri. Na hapo wangu akageuka, si kwangu, bali kwa Kiprop, akamuuliza kwa sauti ambayo hata jikoni ilisikika:

"Ilikuwa mvua ya mchana ama ya usiku?"

Nimesoma vitabu vingi, na nimeandika vichache ambavyo havikusomwa. Sijawahi kusikia sentensi kubwa kuliko hiyo.

Kogo alifariki Wambui akiwa chuoni. Kwenye mazishi nilimtafuta binti yangu kati ya vijana nisimwone. Alikuwa benchi la mbele, katikati ya vikongwe wa Sugoi. Walikuwa wamesogea wenyewe wakampa nafasi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kwa hiyo wewe uliyeamua kuwafundishia wanao nyumbani, na unaogopa baridi hii itawafungia peke yao, nakusihi usianze kwa kutafuta familia zenye silabasi kama yako. Washa moto, uite majirani. Waulize watoto wao majina ya nyumbani, uulize waliyapataje, kisha usogeze kiti. Jina lililowahi kutumika kumtisha mtu lirudishe kwake kama salamu.

Mungu aipe nyumba yako kuni kavu na wageni wenye maswali. Wanao waitwe kwa majina yao yote, mahali popote, nao waitike bila kukutazama kwanza.